Kenge Aliyeachama Ndani ya Debe

Kwang'! Kwang'-kwang'! Krrrrr…

Saa nane usiku hiyo, nje, chini ya dirisha langu. Wiki ya pili ya masika, mvua imekatika kidogo, vyura wanapiga kelele kule bondeni, mara wakanyamaza wote kwa pamoja kama wameambiwa, halafu: kwang'! Baba Nyafuru yuko zamu mgodini, ndani ni mimi na Nyafuru wangu wa miezi mitano, na taa ya sola imeisha chaji. Nikasema, mwizi. Krrrrr! Nikasema, hapana, mwizi gani anajitangaza hivi? Nikasema, basi ni kile kisichotajwa usiku. Nikavuta shuka juu ya vichwa vyetu viwili, nikambana mtoto mpaka akakasirika. Sikulala. Jumapili yake nikajua ni nini, na nikacheka mpaka maziwa yakanichuruzika kwenye gauni.

Sasa sogeeni niwaambie, lakini niitikieni vizuri, si kama watu waliokula kiporo bila mboga.

Masikio!

— Yako wazi!

Yameshikwa na nini?

— Na kichwa!

Nitie?

— Tia!

Nitie ukweli?

— Tia wa kutosha!

Haya. Hapo zamani, lakini si zamani sana, zamani ya wiki iliyopita, Mama Kwale alitaga mayai kumi pembeni mwa uwanja wetu wa ndege. Uwanja wenyewe mnaujua, ni nyasi tu, na kitambaa chekundu juu ya mlingoti kuonyesha upepo unakoelekea. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshuka, nyasi zimechipua laini, swala wamezaa, ngiri wamezaa, hata kanga wale wapumbavu wamezaa, na Mama Kwale naye, mara yake ya kwanza kabisa kutaga, amelalia mayai yake chini ya kichaka cha miiba. Kila kinachotikisika anauliza, nani? Upepo. Nani? Panzi. Nani?

Kenge.

Lep! ulimi nje. Lep! ulimi ndani. Kenge mrefu kama benchi, mkia kama mjeledi, kitambi kinaburuta kwenye umande.

"Shikamoo, mjomba," akasema Mama Kwale, kwa sababu alilelewa.

"Marahaba, mwanangu. Umelalaje?"

"Nimelala juu ya mayai, mjomba."

"Mangapi?"

"Kumi."

"Aa, hayo mengi. Yatakuumiza kifua. Ngoja nikupunguzie moja. Mimi si ndiye mlinzi wenu hapa? Sasa mlinzi ale nyasi?"

Glup! Yakabaki tisa.

Siku ya pili, lep! ulimi nje, lep! ulimi ndani. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu. Umelalaje?" "Nimelala juu ya mayai." Glup! Yakabaki manane.

Siku ya tatu, lep! lep! Salamu zile zile. Glup! Yakabaki saba.

Siku hiyo ya tatu, Jumatano, Mama Kwale hakulia. Alikuwa amekwisha kulia siku mbili zote, machozi yakamwishia. Akatulia juu ya yale saba na akasikia chini yake, ndani kabisa, tk. Kimya. Tk. Walikuwa watoto wake wanagonga. Siku tatu tu, akasema, siku tatu watoke, wakitoka wana miguu, wakiwa na miguu wana nyasi. Lakini siku tatu kwa Kenge ni mayai matatu, na huyu anayegonga hapa kushoto, ni wa kesho au wa keshokutwa? Jamani, nani anaweza kuchagua?

Jioni hiyo, akiwa amekaa anawaza, akasikia: ti-ti-ti-ti-ti.

Ni watoto wa Mzee Magesa, mwangalizi wa uwanja, wako kwenye kichuguu nyuma ya nyumba yao. Mnajua sisi tunavyofanya. Kumbikumbi hutoka mvua ikinyesha, na mvua ikigoma sisi tunawadanganya. Tunafunika debe juu ya kichuguu, tunapiga kwa vijiti, taratibu, kama matone, ti-ti-ti-ti-ti. Wao huko chini wanaambiana, mvua hiyo, twendeni! Wanatoka na mbawa zao mpya kama maharusi, na huku juu tumeshakaa na beseni.

Basi wakatoka, kahawia, wanene, wanateleza, na nyuma ya watoto, chini ya mnyaa, nani alikuwa amejilaza? Lep! Kumbikumbi mmoja. Lep! Wawili. Lep-lep-lep! Mpaka mtoto mdogo akamwona, akapiga yowe, na Kenge akatoka mbio huku akilamba pua na kutazama nyuma kama mtu aliyeondolewa mezani.

Mama Kwale akaona. Kwe! akasema peke yake. Kwe-kwe!

Alhamisi asubuhi, lep! ulimi nje, lep! ulimi ndani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umelalaje?"

"Nimelala vibaya, mjomba, nakufikiria wewe. Kweli leo utakula yai? Leo? Siku ya karamu?"

Kenge akasimama, mguu mmoja hewani. "Karamu gani?"

"Kwani hukualikwa?"

"Karamu gani, nimekuuliza!"

"Aa, basi, sikusema kitu. Kula tu yai lako, mjomba, hili hapa, limeshaanza kuota manyoya, labda litakukwama kidogo…"

"Mama Kwale!"

"Haya, haya, usinipigie kelele, mimi mzazi." Akaangaza kushoto, akaangaza kulia. "Leo ni Alhamisi. Ndege inakuja. Na kabla haijaja Mzee Magesa anafanya nini?"

"Anapanda baiskeli, anapiga debe uwanja mzima."

"Na jana jioni wewe mwenyewe umeona debe linaita nini."

Tone la mate likamtoka Kenge, likaanguka kwenye nyasi, pch.

"Kichuguu kimoja, mjomba, watoto watatu, limejaa beseni. Sasa uwanja mzima je?"

"Subiri," akasema Kenge, maana hata mlafi ana dakika yake ya akili. "Debe la Magesa likilia wote wanakimbia. Swala anakimbia. Ngiri anakimbia, mkia juu kama mlingoti. Mimi mwenyewe huwa nakimbia."

"Si ndiyo mnafukuzwa! Mnafukuzwa ili wageni wale peke yao! Wewe unadhani watu wametoka mbali hivyo, juu huko mawinguni, waje kuangalia nyasi?"

"Hata mimi nilikuwa nashangaa," akasema Kenge.

Ukweli ni kwamba masika barabara yetu inakuwa uji, gari haipiti, na kile kindege cheupe kinaleta sanduku la chanjo na muuguzi wa kuchoma watoto. Hata Nyafuru alikuwa na zamu yake siku hiyo. Na Magesa anapiga debe ili swala wasije wakagongwa. Lakini nani amwambie Kenge?

"Unakaa katikati kabisa," akasema Mama Kwale, maneno yanamtoka mbio, hapumui, "unaachama, unatulia, wanaingia wenyewe, ila sikia, mjomba, jambo moja, usifumbe mdomo! Kumbikumbi wana aibu. Mdomo ukifumbwa tu wanarudi chini."

"Nisifumbe."

"Usifumbe."

"Yai langu nitalikuta?"

"Litakwenda wapi, mjomba? Halina miguu."

Kwang'-kwang'-kwang'-kwang'! Huyo Mzee Magesa, baiskeli inalia nyiko-nyiko, debe limefungwa mbele, kijiti mkononi. Kwang'-kwang'! Swala hao, pu! Kanga hao, tututututu! Ngiri huyo na watoto wake wanne, mikia juu, mstari mmoja. Wote wanatoka, mmoja tu anaingia. Magesa akafika mwisho wa uwanja, hakumwona, maana miwani yake ina kioo kimoja. Kenge akakaa katikati, akaachama.

Ngu. Nguuu. Nguuuuuu!

Kindege hicho, kinashuka, kinashuka, magurudumu yananusa nyasi, mara rubani akaona kitu kama gogo, na gogo lina meno. Nguuuu-IIIII! Akakinyanyua tena, upepo wake ukambiringisha Kenge mara tatu, mgongo chini, tumbo juu, tumbo chini.

Mama Kwale akafunika uso kwa bawa. Alipolitoa, Kenge alikuwa amesimama mbele yake, matope tupu, macho yanang'aa.

"Umeona?" akasema Kenge. "Umeona lilivyonikimbia?"

"Nani amekukimbia?"

"Lile! Limeniona, likageuza! Mnyama mkubwa vile, ana kelele vile, kanikimbia mimi! Sasa niambie, mlinzi wa namna hii analipwa yai moja? Kuanzia leo mawili. Na ya leo nachukua sasa hivi."

Jamani. Jamani! Moyo wa Mama Kwale ukashuka mpaka kwenye kucha. Chini yake, tk. Tk-tk. Akasema moyoni, nimefanya nini, nilikuwa napoteza mmoja kwa siku, sasa nimejitafutia kupoteza wawili, mama gani mimi? Kenge akainama. Lep! Ulimi ukagusa yai la pembeni, lile la kushoto, linalogonga.

"Mjomba!" akapiga kelele. "Kumbikumbi uliwapata?"

Ulimi ukasimama. "Hapana."

"Kwa nini hukuwapata?"

"Sijui."

"Kwa sababu huyo mzee mchoyo hajawamwaga! Tazama! Tazama kule!"

Kule, Mzee Magesa alikuwa ameona ndege imepanda tena. Akajua kuna mnyama uwanjani, na rubani anazunguka kurudi, na aibu yote ni yake. Akageuza baiskeli, akakanyaga pedeli kwa nguvu zake zote, kwang' kwang' kwang', nyiko-nyiko-nyiko, akaingia kwenye shimo la ngiri. Pwaa! Mzee huku, baiskeli huku, debe likabingirika katikati ya uwanja, kang'-kang'-kang', likatulia. Nguuu, ndege inarudi. Magesa akanyakua baiskeli yake, akakimbia pembeni. Debe akaliacha.

"Wako ndani ya debe," akanong'ona Mama Kwale. "Siku zote wako humo. Kwa nini haliachi, unadhani? Halitumii hata kutekea maji. Analala nalo."

"Mchoyo sana yule mzee," akasema Kenge, na hapo alikuwa ameshaondoka.

Debe lile lilikuwa na tundu moja la mviringo, Magesa alilikata kwa kisu ili lilie vizuri. Kenge akafika, akanusa. Harufu ya mafuta ya kupikia ya mwaka juzi. Akaingiza kichwa, kikapita sawasawa. Giza. Akasubiri. Akakumbuka alichoambiwa. Akaachama.

Sasa kichwa kilichopita kikiwa kimefumba, kikiachama kinatoka? Akavuta. Hakitoki. Akavuta tena. Debe linakuja naye. Nguuuuu! Akasikia sauti imejaa ndani ya debe kama mbu mwenye ukubwa wa nyumba, akakurupuka, akakimbia bila kuona, kwang' kwa jiwe, kwang' kwa kichuguu, mkia unachapa bati, kwang'-kwang'-kwang'! Swala waliokuwa wameanza kurudi wakasema, mama yangu, debe limeota miguu! Wakatoka. Kanga wakatoka. Ngiri akatoka, safari hii hata watoto wake walimwacha nyuma. Uwanja ukawa mweupe, hakuna hata panzi, na kindege kikashuka, tu-tu-tuuu, laini kama mtoto anayelazwa.

Rubani akateremka, akampa Mzee Magesa mkono. "Leo umeusafisha uwanja, mzee wangu!"

"Ndiyo kazi yangu hiyo," akasema Magesa, na matope yako mpaka kwenye sikio.

Kenge naye, huku na huku, kwang' na kwang', akajikuta amegota kwenye kichaka cha miiba.

"Ha-a! Ha-a ha-e!" akasema ndani ya debe, mdomo wazi. Maana yake, Mama Kwale.

"Niko hapa, mjomba. Umewaona?"

"Hahaha!" Maana yake, hapana. Hakuwa anacheka.

"Basi wamelala. Wanene wale, wanachelewa kuamka. Usifumbe mdomo! Usije ukafumba, ukapoteza kazi yote. Kaa hapa karibu nami, nikuangalizie."

Akakaa. Alhamisi akakaa. Kila akichoka taya, Mama Kwale anachukua kijiti mdomoni, anapiga debe taratibu, ti-ti-ti-ti-ti. "Unawasikia? Wanakuja, mjomba." "Haa," anasema Kenge, na mate yanatoka chini ya debe kama bomba lisilofungwa vizuri.

Usiku wa Ijumaa njaa ikamzidi, akainuka, akatembea ovyo, akaja mpaka chini ya dirisha la mwanamke mmoja ninayemfahamu, akamwamshia mtoto, akarudi. Na wakati anarudi, alikuja Kicheche. Kicheche yule ni mwuaji, haombi yai moja wala hasemi marahaba, anamaliza kiota na mama mwenyewe. Alikuwa ameshafika kwenye majani ya mwisho, Mama Kwale anamwona kwa macho, hawezi hata kusema kwe. Mara Kicheche akageuka. Mbele yake, kwenye mwanga wa mwezi, kitu chenye mkia wa kenge, miguu ya kenge, na kichwa cha pembe nne kinachong'aa, kinakuja, kinadondosha mate, kinasema "Haaaaa."

Kicheche mpaka leo yuko ng'ambo ya mto. Wanasema ameokoka.

Kwa hiyo msije mkasema Kenge hakulinda. Alilinda. Mlinzi kama yule uwanja huu haujapata.

Jumapili, jua limetoka, umande unafuka moshi, tk. Tk-tk. Krak! Mmoja. Krak! Wawili. Mama Kwale anazunguka, analia, anacheka, anahesabu, anakosea, anahesabu tena. Watatu, wanne, watano, sita. Na yule wa kushoto? Akainamisha sikio. Kimya. Akagonga kwa mdomo, tk? Kimya. Jamani, mnajua ule ukimya? Mimi naujua, Nyafuru alipotoka alikaa vile sijui sekunde ngapi kabla ya kulia, na hakuna sekunde ndefu duniani kama zile. Tk? Mama Kwale akagonga. Na humo ndani, tk. Krak! Wa saba, mchafu, amekasirika, tayari analalamika.

Akawakausha. Akawasimamisha. Akawanong'oneza, nao wakaingia kwenye nyasi, mmoja mmoja. Nyasi zikatikisika mahali saba, zikatulia.

Hapo tu ndipo akamwendea Kenge.

"Mjomba."

"Haa."

"Fumba mdomo."

Ndani ya debe, kap. Na kichwa kikatoka chenyewe, shwaa, laini, kama mkono kwenye mfuko.

Kenge akapepesa macho. Akatazama jua. Akatazama debe. Akatazama maganda saba matupu. Akafikiri, na kufikiri kwake mlikuwa mnakuona kunapita usoni polepole kama ng'ombe wanavuka barabara.

"Siku tatu," akasema, taya inamwuma. "Siku zote tatu, ningefumba tu?"

"Hukuniuliza, mjomba."

"Na kumbikumbi?"

"Hawakuja. Wana aibu."

Kenge akainua mkia. Mama Kwale akarudi nyuma hatua moja, hatua mbili, lakini hakuruka. "Nipige," akasema haraka haraka, "nipige basi, lakini wakiniuliza nimeumia wapi nitawaeleza, nitaanza na yule mnyama uliyemfukuza, niende mpaka kwenye debe, nisiache hata mate."

Mkia ukabaki juu. Ukashuka.

"Nani ameniona?" akauliza Kenge, sauti ndogo, sauti ya mtu ambaye ana wake wawili mtoni na wote wanamcheka kwa urahisi.

"Mimi tu, mjomba. Wengine wameona debe. Wewe hawakukuona."

"Mwanangu Mama Kwale. Usimwambie mtu."

"Na mayai nitakayotaga mvua zijazo?"

"Nitakula panzi."

"Na salamu?"

Kenge akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mjomba."

Ngano yangu imefika, nimeiweka chini, anayeitaka aiokote na funzo lake. Funzo lake ni hili. Watoto, msidanganye. Kudanganya ni kubaya sana. Mama Kwale alidanganya mara saba, nimezihesabu, na akapata watoto saba, lakini yeye ni ndege, ninyi mkidanganya mtapata fimbo. Muwatii wajomba zenu wote. Mkiambiwa fumbeni mdomo, fumbeni, isipokuwa mkiambiwa na mtu anayetaka mayai yenu. Na usiku mkisikia kitu dirishani, msiogope, hakuna cha kuogopa. Mimi hapa sikuogopa hata kidogo.

Midomo!

— Imefumbwa!

Mbona mmejibu?

— Mmmm!

Afadhali. Maana Mama Kwale alimwapia Kenge kwamba hatamwambia mtu, na siku hiyo hiyo akaja uani kwangu na watoto wake saba, akanimwagia yote kwa pumzi moja, kwa sababu mimi naye sote tuna wachanga na mtu lazima amwambie mtu. Nami nikamwapia, mkono juu ya kichwa cha Nyafuru, simwambii mtu. Sasa nimewaambia ninyi. Basi na ninyi apeni, wote, kwa sauti, lakini si kubwa, mjomba yuko pale juani kwenye nyasi.

— Hatumwambii mtu mwingine!